Fedha Iliyotolewa Ikiwa Moto

Nimefanya kazi za kila namna, lakini ya kulinda pampu ndiyo iliyonikalisha kitako. Pampu hiyo ilinyonya hewa kutoka kwenye tangi la chuma, na humo fundi mmoja na dada yake mkubwa walitengeneza taa bapa kama kioo cha dirisha.

Fedha waliichemsha ikawa mvuke, ikatua juu ya kioo chenye rangi inayowaka ikipata umeme. Ikitua nene, inaziba mwanga. Ikiwa nyembamba mno, inakatikakatika na umeme haupiti. Dada ndiye aliyebuni dawa: alipanga kwanza vishanga vidogo kuliko vumbi, fedha ikajaa kati yake, ukabaki wavu ambao unywele kando ya uzi wake ni gogo. Kupanga kule hakuna mwingine aliyekuweza.

Lakini taa yenyewe haikuwahi kuwaka. Kisha maradhi yakaingia damuni, dada akalazwa. Kioo kimoja alikuwa amekipanga kabla. Aliomba aone hicho kikiwaka, basi.

Tulipomaliza kukipaka, simu ikalia: daktari alimwambia fundi asikawie. Tangi lilikuwa moto bado, na fedha ya moto ikikutana na hewa hujikunyata. Nikamwuliza kama hatungoji. Akanitania kwamba mimi, babu wa kuhamahama kazi, sijawahi kungoja popote, nimeanza lini. Methali ya haraka naijua, ila si ya kumwambia mtu anayefiwa. Akafungulia hewa.

Hospitalini alifunga pazia, akaweka kioo mapajani mwa dada yake, akaunganisha betri. Kona moja ikawaka, weupe laini kama maziwa. Dada akaipelekea kidole. Hakijafika, madoa meusi yakatokea, yakavimba, yakakutana, na kona ikazima.

Dada akakiinua kioo karibu na jicho. Wavu ulikuwa umekuwa matone, kama jasho.

"Umeutoa wa moto."

"Dada, waliniambia nisikawie."

"Ningekungoja, mdogo wangu."

Akamrudishia kioo, akamwuliza kama amekula.

Na kweli alingoja. Daktari alishangaa, wauguzi walishangaa; aliishi mpaka juma lililofuata. Siku hizo zote fundi alishinda kiwandani akijaribu kupanga vishanga, vikimkusanyikia kama uji ulioganda. Mimi nilizima pampu. Tangi lilikuwa limepoa siku nyingi, na hatukuwa na cha kuweka ndani.