Ada ya Tatu

Kwenye tanuri la matofali walimwita Mapatano, kwa sababu hakuna bei iliyopita mbele yake ikabaki vilevile. Lakini ada ya mtihani wa udereva haina mapatano. Pikipiki ina ada yake, nafuu. Gari dogo lina yake, inauma kidogo. Na lori lina yake, ambayo ukishailipa unarudi nyumbani polepole kama mtu atokaye msibani. Ukianguka, hurudishiwi hata senti. Unalipa upya.

Naye alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda vizuri kabisa, mtahini kando yake, mpaka mtu mmoja barabarani alipompungia mkono akiulizia matofali. Jasiri haachi asili. Mapatano alisimamisha lori, akateremsha kioo, na walikuwa wameshafikia bei ya jumla mtahini alipofunga faili lake. Mara ya pili alijifunza, akaapa hasimami kwa ajili ya mtu yeyote. Kweli hakusimama, hata palipoandikwa simama.

Hasara hiyo ilikuwa na mtu wa kuifurahia. Lori lao, yeye na mkewe, walilolinunua kwa jasho la matofali, liliendeshwa na dereva wa kukodi, na dereva huyo alikula faida akawaachia moshi. Sasa alikuwa amewapa neno: wamuuzie lori kwa bei yake ya kutupa, la sivyo mwisho wa mwezi anaacha kazi. Na lori bila dereva ni banda la kuku. Mume na mke wakajibana mpaka wakapata ada ya tatu. Ya nne isingepatikana.

Asubuhi Mapatano aliiweka bahasha ya ada mbele ya mkewe, kando ya kikombe cha chai.

"Nenda wewe," alisema.

Mkewe alisambaza mikate kwa kigari cha kiwanda, kwa hiyo leseni ya gari dogo alikuwa nayo. Ndiye aliyekuwa akimsomea mumewe alama za barabarani, na ndiye aliyefanya naye mazoezi kwenye uwanja wa tanuri, mpaka mke mwenyewe akawa anapitisha lori kinyumenyume kati ya mafungu ya matofali bila kugusa hata moja. Mapatano aliliona hilo zamani. Kulisema ndiko kulikomgharimu zaidi kuliko ada zote mbili.

"Baba watoto, watu watasema nini?"

"Watasema. Midomo ni yao."

Siku ya mtihani, dereva wa kukodi ndiye aliyelileta lori uwanjani, maana lazima liletwe na mwenye leseni. Kisha akaegemea uzio pamoja na madereva wenzake, akichokonoa meno. Mapatano alisimama hapohapo kwa sababu hakuwa na pengine pa kusimama.

Mama watoto alikwenda barabarani akarudi salama. Ikabaki kuingiza lori kinyumenyume kati ya koni. Alirudi kidogo, akakaribia, akasimama. Mlango ukafunguka. Akashuka, akaenda nyuma kutazama.

Uzio mzima ukaangua kicheko. Kwa madereva wale, kushuka kutazama nyuma ni aibu; dereva anayejiheshimu huelekezwa na utingo wake, na kama utingo hayupo, hubahatisha.

"Anatafuta mikate yake," alisema dereva wa kukodi.

Maneno yote ya utingo yalimjaa Mapatano kinywani, kata kulia, njoo, njoo, lakini bango la uwanjani lilikuwa wazi: mtahiniwa akielekezwa kutoka nje, mtihani umekufa. Na yeye alijijua, ulimi wake hauna breki. Basi akaupa uwanja mgongo, akaing'ata kola ya shati, akabaki kusikiliza injini tu. Ikanguruma, ikashuka, ikanguruma tena. Halafu ikazimwa.

Aligeuka. Lori lilikuwa limekaa kati ya koni kama tofali ndani ya kalibu ya kufyatulia. Mtahini alilizunguka lote, akachungulia huku, akachungulia kule, akaandika.

"Umefaulu, mama," alisema.

Machozi yakamtoka Mapatano, wala hakuyafuta. "Mke wangu huyo," alimwambia dereva wa kukodi, ambaye hakuwa ameuliza. Akamwambia na wa pili, na wa tatu, na muuza maji aliyekuwa akipita zake.

"Hongera," alisema dereva wa kukodi kwa shingo upande. "Sasa ile bei yetu, naweza kuongeza kidogo."

"Haliuzwi. Lina dereva. Leta ufunguo wa akiba."

Dereva aliutoa mfukoni, akaenda zake kwa miguu.

Mkewe alikuja na cheti chake mkononi, akitabasamu, lakini alipomtazama mumewe akaona huruma. "Pole, baba watoto. Zile ada zako mbili zimekwenda na maji."

"Hazikwenda popote," alisema Mapatano. "Zile zilikuwa karo. Tulichelewa tu kumjua mwanafunzi."

Mkewe akacheka mpaka akashika mlango wa lori. Kisha akapanda, akawasha injini, na Mapatano akazunguka mbele ya macho ya uzio mzima, akapanda upande wa utingo.