Mishipa Mlangoni

Mwanabaraka alirudi kutoka hospitali adhuhuri, na alipoingia chumbani kwake akaikuta mishipa imekwisha kuota ukutani. Ilianzia juu ya kitanda, myembamba, myekundu, ikipigapiga taratibu kama koo la mjusi. Alivua buibui, akalitundika msumarini, akaenda kuchagua mchele, maana chakula cha mchana hakimngoji mtu.

Hakuwa na la kushangaa. Daktari Nyevu alikuwa ameshamweleza asubuhi ile, mbele ya kioo cha mashine ya kupimia mimba.

"Mtoto mzima. Kasoro iko kwenye kitovu. Kitovu hushika kondo la nyuma katikati, mishipa yake imesitiriwa. Chako kimeshika pembeni, kwenye utando, na mishipa inatambaa uchi mpaka imekatiza mlango wa uzazi. Chupa ya uzazi ikipasuka nayo itakatika, na damu itakayomwagika ni ya mtoto. Usingoje uchungu. Njoo mapema nikupasue, umpate mwanao."

"Nilifanya nini, daktari? Niliruka kamba, ule mwiko wa waja wazito?"

"Hukuruka kitu, mama. Imetokea tu."

Jioni Jaffar, mumewe, alirudi kutoka dukani kwake mtaa wa Ndia Kuu, akaitazama mishipa, akavua viatu. "Mvua hii itatuotesha sote," alisema. Ulikuwa mwaka wa tisini na saba, vuli imekataa kukatika, na milango ya nyumba nzima ilikuwa imevimba.

Kabla ya mwezi kwisha mishipa ilitambaa mpaka mlango wa chumba, wenye mbawa mbili, ikatoka kwenye mwimo wa kulia, ikakatiza ubawa wa upande huo, ikapanda hadi kizingiti cha juu. Bi Shifa, mamake Jaffar, ambaye nyumba ni yake na kauli ni yake, alitoa amri ubawa ule usifunguliwe ovyo. Watu wakawa wanapita kwa ubawa wa kushoto, kiubavuubavu. Hata fundi wa chokaa alipokuja aliizunguka mishipa kwa brashi ndogo, asiitie hata tone. Mwanabaraka alikuwa akiweka kidole juu yake akasikia moyo wa mwanawe unapiga, na mapenzi yakamjaa mpaka akalia.

"Mama," alimwambia mavyaa wake, "aliyoyasema daktari ndiyo haya mlangoni."

"Nayaona, mimi si kipofu. Lakini kisu hakijaingia nyumba hii. Mimi nimezaa saba, kitanda hichohicho."

"Walio hai wangapi, mama?"

"Wanne, alhamdulillahi. Mwacha mila ni mtumwa, mwanangu."

Jaffar naye alipoulizwa alisema mambo ya kike mjuzi wake ni mama.

Siku ya kwenda kupasuliwa ikafika. Mwanabaraka alioga, akapapasa msumarini, buibui halipo. Lilikuwa limerowekwa kwenye beseni uani.

"Lilikuwa na vumbi," alisema Bi Shifa. "Kesho litakuwa limekauka, utakwenda."

Mvua hiyo, likauke wapi! Mwanabaraka hakuwahi kupita barabarani bila buibui tangu avunje ungo. Alisimama na kanga zake kwenye mlango wa nje, akatazama maji yanavyokwenda, akarudi ndani. Majuto ya hatua ile hakuyamaliza.

Uchungu ulimshika siku ya pili, baada ya alasiri. Mkunga akaitwa. Na mila ya nyumba ile ni kwamba mwanamke akishikwa na uchungu, kila kilichofungwa hufunguliwa ili naye afunguke. Makasha yakafunguliwa, makabati yakafunguliwa, nywele zake zikafumuliwa. Ukabaki ubawa wa kulia.

"Mama, usifungue!" Mwanabaraka alipiga kelele. "Nakuomba kwa jina la Mungu. Huyo hapo ni mtoto!"

"Najua ni mtoto," alisema Bi Shifa kwa upole. "Ndiyo namfungulia njia."

Ubawa ulikuwa umevimba. Aliusukuma kwa bega, akausukuma tena. Ulipoachia, mishipa ikakatika kama uzi unavyokatwa kwa meno, na papo hapo chupa ikapasuka. Damu ilichuruzika mlangoni na kitandani. Haikuwa nyingi, mtoto mchanga hana damu nyingi. Alizaliwa wa kiume, mweupe kama ukuta, na hakulia.

Waliokuja kutoa pole waliinama mlangoni, wasiguse ncha zilizoning'inia. "Kazi ya Mungu haina makosa," walisema.

"Mungu hakuroweka buibui," alijibu Mwanabaraka. Walimletea maji, wakamwambia anywe apumzike.

Mwaka uliofuata alishika mimba nyingine. Asubuhi moja mshipa mwembamba ukachungulia juu ya kitanda. Bi Shifa aliutazama kitambo, akapangusa machozi kwa ncha ya mtandio, kwani kifo cha mjukuu yule kilimwuma kwelikweli. Kisha akaagiza fundi seremala.

"Ni huu mlango uliotuulia mtoto," alimwambia fundi. "Ulikwama, ukamcheleweshea njia."

Fundi aliupiga randa ubawa wa kulia, akatia mafuta bawaba. Bi Shifa akausukuma kwa kidole kimoja. Ukafunguka bila sauti, akashukuru.

Mwanabaraka alinyanyua mkono msumarini kutafuta buibui lake aende hospitali. Uani, mtu alikuwa akijaza maji kwenye beseni.