Chungwa Moja la Baba Mkwe

Wageni wa bustani walimbandika jina la Mama Zungusha, maana kila kundi lililoingia alilipa somo lile lile: "Chungwa halivutwi, jamani. Lizungushe, litakuja lenyewe." Hapo mkono ulijiendea kwenye tunda lililo karibu, akalizungusha, akalikata vipande, akagawa. Mdomo ulikuwa na kazi yake na mkono una yake, wala havikuulizana.

Jumamosi ile wageni walikuwa wachangamfu, naye kusikilizwa anakupenda, tusifichane. Alizungusha, akakata, akagawa. Alipofuta kisu ndipo alipoona amesimama chini ya mti gani.

Mchungwa ule baba mkwe aliubebesha mwenyewe, akaunga kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, akaungoja miaka. Msimu huu ulimpa chungwa moja tu. Likiwa tamu, mti ungebaki. Likiwa chachu, angeukata. Hakuuwekea alama, kwani nani wa nyumbani asiyeujua?

Angesema pale pale, yangekwisha. Aliona haya. Akachuma chungwa la mti wa pili, akamwekea mzee mezani.

"Baba, lako limeiva."

Mzee alitafuna polepole. "Chachu," alisema. "Basi nimejisumbua bure." Akaenda kutafuta msumeno.

Mama Zungusha alibaki jikoni akisugua sufuria iliyokwisha takata. Aliposikia msumeno unaanza kukereza, alitoka mbio, mikono imejaa povu.

"Baba, acha! Silo lenyewe! Lako niliwakatia wageni. Nilijisahau, halafu nikakudanganya."

Msumeno ulinyamaza. Tawi la chini lilikuwa limeshaanguka. Mzee hakufoka, na afadhali angefoka.

"Wewe ulilionja?"

"Hata kidogo, baba."

"Kwa hiyo wanaojua ni watu nisiowajua." Akamtazama. "Walisemaje?"

Alitamani ardhi ipasuke immeze. "Walinyamaza wote, baba. Kisha wakaomba jingine."

Mzee aliuachia msumeno, akakaa kwenye nyasi palepale alipokuwa. Akacheka, machozi yanamtoka.

"Wakaomba jingine!" alirudia. "Umesikia, mwanangu? Jingine!"

Alisikia. Ile furaha ya mzee ilimuuma kuliko kofi.