Ndoo ya Kutemea Mvinyo

Siku Careen alipoanza kujifunza kutema kwa adabu, kuku wote wa bibi yake walihama uani.

"Zungusha," alisema Mwalimu Rashid. Careen akazungusha glasi. "Nusa." Akanusa. "Sasa piga funda dogo, lipitishe kwenye meno kama unasukutua. Haya, tema!"

Careen akatema. Jogoo aliyekuwa anajipitia na shughuli zake akalowa kuanzia kilemba hadi mkia.

Ndani ya glasi ilikuwa juisi ya rozela, maana Mwalimu Rashid ni mtu wa Pangani, swala tano, na mvinyo hajawahi kuuonja hata kwa bahati mbaya. Alikuwa amemfundisha Careen jiografia sekondari, na sasa amejipa somo jipya. Yote aliyoyajua aliyasoma kwenye simu, tena kwa mtandao wa Kibondo, ambao mwaka ule wa 2014 ulikuwa ukifungua picha kuanzia juu, taratibu, kama mtu anayevua shati lililogandana na kidonda. Picha nyingi zilikwama katikati. Ndiyo maana mwalimu alijua vizuri sana mambo ya mdomoni, lakini jinsi Wazungu wanavyokaa kwenye kiti hakuwa na uhakika.

Chanzo cha haya yote kilikuwa Mama Fiorenza wa Italia. Mama huyu alikuwa na kampuni ya kutembeza matajiri kwenye milima ya Piemonte: wanalala kwenye kasri, wanatembea kwenye mashamba ya zabibu, wanafukua uyoga unaonuswa na mbwa chini ya ardhi, halafu wanakaa mezani kula jibini kwa asali na kunywa mvinyo mpaka jua lizame. Asali yenyewe ilitoka huku huku, kwa vikundi viwili vya wafuga nyuki, kimoja Murungu, hapa Kibondo kwa kina Careen, na kingine Kasulu. Sasa Mama Fiorenza alitaka mtu mmoja kutoka kwenye vikundi hivyo aende kule msimu wa kuvuna zabibu, akae mezani na wageni, awasimulie asali yao ilikotoka. Mtu mmoja tu. Murungu walimtoa Careen, Kasulu wakamtoa kijana anayeitwa Dadi, na mama mwenyewe alikuwa njiani kuja Kasulu kuchagua.

Careen alikuwa amebandika ukutani, juu ya kitanda, picha ya meza ile. Kitambaa cheupe, mizabibu juu kama paa, glasi zimepangwa mbele ya kila kiti kama askari wa gwaride, na katikati ya meza bakuli la asali. Kila akiamka aliliangalia bakuli lile kwa wivu.

"Asali nimeirina mimi," alikuwa akiwaambia wenzake, "nyuki wameniuma mpaka kwenye kope, halafu yenyewe imeenda kukaa kwenye kasri, mimi nimebaki nafukuza mbuzi! Safari hii nakwenda. Hata kama ni kujificha kwenye debe la asali, nakwenda."

"Mwalimu," aliita Bibi Ndayikeza kutoka mlangoni mwa jiko. Muda wote alikuwa ametulia akitazama, mikono kiunoni. "Huyo mwenye pombe, wageni wakishamtemea, anawafanya nini?"

"Hawafanyi kitu, Bibi. Anafurahi."

"Anafurahi!" Bibi akacheka kicheko cha puani. "Wifi yangu, dada wa marehemu babu yenu, alikuja kuposwa, mjomba wa mposaji akatema pombe. Mara moja tu! Tena inzi ndiye aliyemwingia mdomoni. Unajua yule binti yuko wapi leo?"

"Wapi, Bibi?"

"Ni mtawa."

Bibi Ndayikeza alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa, akapata uraia, na kwa urwarwa, ile pombe ya ndizi, jina lake lilijulikana hadi Nyabibuye. Kwake sheria ya pombe haikuwa na vifungu vingi. Pombe inakuja kwenye chombo kimoja. Mwenyeji anakunywa kwanza, kutoa sumu. Kisha anakupa mrija. Ukimeza, umesema nakuamini. Ukitema, umemwita mwenyeji mchawi mbele ya watu, na hata mdomo hujaufungua vizuri.

"Na huko kila mtu ana glasi yake?" akauliza.

"Kila mtu na yake, Bibi. Tena tatu tatu."

"Maskini. Hawana ndugu?"

Mwalimu Rashid akajifuta jasho. "Careen, nisikilize mimi. Zitakuja chupa tano. Ukimeza zote, yule mama ataona umefuata ulevi, na safari imekwisha. Tema!"

"Careen, nisikilize mimi," alisema Bibi. "Ukimtemea mtu kinywaji chake, usirudi hapa na jina langu."

Basi Careen akaondoka Kibondo na walimu wawili kichwani, kila mmoja akivuta sikio lake. Alipanda mbele kwenye lori la maharage la Obedi, na mapajani akapakata kibuyu. Mgeni haendi mikono mitupu, na Bibi alikuwa amekijaza urwarwa mbichi bado inachacha, akakiziba kwa gunzi lililofungwa jani la mgomba. Kila lori lilipoingia shimo, kibuyu kilisema fsss.

"Dada," alisema Obedi, akisogea kwenye mlango wake, "hicho kitu kinanichukia."

"Kinapumua tu. Wewe tazama barabara."

"Kikipasuka humu, mke wangu nitamwambia nini? Nanukia kilabu saa nne asubuhi!"

Kwa hiyo kila mlima walipoumaliza, Obedi alisimamisha lori, Careen akalegeza gunzi, kibuyu kikashusha pumzi, safari ikaendelea. Walipofika Kasulu blauzi nyeupe ya Careen ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini moyo ulikuwa unaruka kuliko lori.

Ukumbini hotelini Dadi alikuwa amekwishafika. Suti nyeusi, kiatu chenye ncha ya kuchokolea meno, nywele zimechongwa pembeni kama ukingo wa barabara.

"Karibu Kasulu, sista," alisema, akikitazama kibuyu kilichokuwa kinafoka. "Umekuja na bomu?"

"Nimekuja na bibi yangu."

Mezani palikuwa na chupa tano, jibini, kisahani cha asali, na ndoo. Loo, ndoo yenyewe! Ndogo, ya chuma king'aacho, safi kiasi kwamba Murungu ingewekwa kabatini na vyombo vya sikukuu. Nyuma ya meza alikuwa Mama Fiorenza, mfupi, mvi kichwa kizima, viganja vipana vya mtu aliyeshika jembe. Pembeni yake alikaa Mzee Ildefonsi, mkalimani, ambaye Kiitaliano alikipata kwa kutengeneza magari ya mapadri miaka mingi, na tai yake alikuwa ameikaza kama nati.

Mama Fiorenza akamimina glasi mbili, akawanyooshea mkono: karibuni.

Dadi hakungoja. Akazungusha, akazamisha pua, akasukutua, akatema. Uzi mmoja mwembamba ulionyooka ukaingia ndoo katikati, hata tone halikukosea njia. Careen mwenyewe alitamani kupiga makofi.

"Matunda meusi," alisema Dadi. "Tumbaku. Ngozi ya viatu, kwa mbali."

Mzee Ildefonsi akatafsiri. Mama Fiorenza akatikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia Careen. Mikono ya Careen ilikuwa bado mapajani.

"Kuna tatizo, binti?" aliuliza mzee.

"Mwambie anywe yeye kwanza."

Mzee akalegeza tai. "Huyu mama ametoka Ulaya na chupa zake, mimi nimwambie atoe sumu?"

"Si ndiyo adabu? Au wewe si Muha?"

Hapo mzee akamgeukia mama. Akatafsiri, na tafsiri yake ilikuwa ndefu kuliko maneno, na ndani yake mikono iliomba radhi mara kadhaa. Nyusi za Mama Fiorenza zikapanda. Akajimiminia, akamtazama Careen machoni, akapiga funda, akalizungusha, na pwee! Akatema ndooni.

Careen akaduwaa. Mwenye pombe ametema pombe yake mwenyewe! Hata Bibi Ndayikeza hakuwa na sheria ya jambo hili. Akawaza haraka haraka: kama ni sumu, basi nife nikiwa nimeelekea Italia. Akanyanyua glasi, akameza.

Ikashuka na joto hadi magotini. Chupa ya pili akameza. Ya tatu pia.

"Hii je, unaisikiaje?" aliulizwa.

"Hii ni kama mvua ya kwanza ikipiga mzinga uliokauka," alisema. Kwenye ya nne masikio yalikuwa yamepata moto na ulimi umefunguliwa kamba. "Hii ni shangazi yangu Josepha kabisa! Anakupokea vizuri, anakukalisha, halafu ukishajisahau anakuuma." Na ya tano akaimeza.

Dadi akafungua kinywa kucheka, akakumbuka yuko kwenye mashindano, akakifunga. Ila Mama Fiorenza hakucheka. Aliangalia glasi za Careen, tupu zote. Akaangalia ndoo. Akainama kumnong'oneza mzee, na mzee akawa anatazama sakafu.

Pale pale mvinyo ukamtoka Careen kichwani. Meza ile ya kwenye picha aliiona inakunjwa, kitambaa, bakuli na kila kitu. Mwalimu Rashid alisema! Amemeza tano, jasho linamtoka, na jirani yake amesimama mkavu kama cheti kipya.

"Mzee," alisema, sauti imepungua, "mwambie sijamaliza. Nimekuja na zawadi."

Akashika gunzi. Hakuvuta, aligusa tu. Pu! Gunzi likapaa, likagonga feni ya darini, likamwangukia Dadi begani na jani lake la mgomba. Harufu ya ndizi mbivu ikajaa ukumbi. Careen akatumbukiza mirija miwili kwenye kibuyu, akanywa wake kwanza, kwa kirefu, Mama Fiorenza akiona, kisha akamsogezea wa pili kwa mikono yote miwili.

Mama Fiorenza akavuta. Macho akayafumba. Akaizungusha huku, akaizungusha huko, mashavu yakawa yanahama. Ilionekana wazi ameipenda. Na mkono wake, ukiwa peke yake, bila hata yeye kuutuma, ukaanza kutembea kuelekea kwenye ndoo.

Careen akauona mkono ule. Akamwona na bibi yake amesimama mlangoni mwa jiko. Akamwona mtawa.

"Hapana, mama!" Akaruka, akaikwapua ndoo, akaikumbatia kifuani, na mvinyo wa Dadi ukammwagikia blauzi yote. "Hiyo haitemwi!"

Mama Fiorenza, mashavu yamejaa, akaitazama ndoo. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa amefunika uso kwa tai. Akatazama dirisha. Dirisha limefungwa.

"Noma," alinong'ona Dadi.

Koo la Mama Fiorenza likapanda, likasita pale juu kidogo, likashuka. Amemeza.

Kibuyu kikaendelea na mazungumzo yake. Mama Fiorenza akajifuta midomo, akasema neno moja.

"Anauliza kwa nini," alisema mzee.

Careen akaeleza, ndoo bado iko kifuani. Chombo kimoja. Sumu. Mrija. Alieleza hadi habari za inzi na mtawa, na mzee akatafsiri yote, safari hii bila kuomba radhi. Mama Fiorenza alisikiliza mpaka mwisho, akavuta mrija tena, akanywa, akameza bila kusimamiwa. Ndipo akaanza kusema, kwa kirefu, viganja vyake vipana vikipiga meza.

"Anasema," alitafsiri mzee, "kwa kazi yake huonja tangu asubuhi. Angemeza zote angekuwa ameshazikwa. Lakini na wageni wake wamemwiga. Wanazunguka mashamba yote, wanatema kila mahali, wanapanda ndege wanarudi kwao, na hakuna hata mmoja anayekumbuka jina la mkulima. Anasema ukiwaweka kwenye kibuyu kimoja na mirija, watalazimika kutazamana." Mzee akaishika tai. "Anauliza, unaweza kuwanyang'anya ndoo watu wenye pesa zao?"

"Mwambie hata sasa hivi, wako wapi?"

Mama Fiorenza akapasuka kicheko, akazunguka meza, akamkumbatia Careen, ndoo katikati yao. Dadi akavua jani la mgomba begani.

"Sista," alisema, "nimejifunza kutema miezi mitatu, mbele ya kioo, halafu umenipiga kwa ndoo!" Akachukua mrija, akanywa, akameza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Umechelewa, kaka," alisema Careen, naye akicheka mpaka machozi.

Kesho yake lori la Obedi lilimshusha Kibondo, na kabla mguu haujagusa chini Mwalimu Rashid alikuwa mlangoni. "Ulitema?"

"Sikutema."

Mwalimu akajishika kichwa. "Zote tano? Yaa Rabi, safari imekwisha!"

"Na yeye?" aliuliza Bibi Ndayikeza kutoka uani. "Urwarwa yangu, aliifanyaje?"

"Alitaka kuitema, Bibi." Bibi akasimama. "Nikamnyang'anya ndoo. Akameza. Halafu akarudia mwenyewe."

"Mwenyewe? Hakulazimishwa?"

"Mwenyewe, Bibi. Nakwenda Italia!"

Vigelegele alivyopiga Bibi viliwatoa majirani majumbani, na Mwalimu Rashid akaanza kurukaruka na watoto kama vile yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Bibi hakukaa kusherehekea. Alichukua kisu, akashika njia ya matetini.

"Mwana wanje," alimwita mjukuu wake kwa Kirundi, bila kugeuka, "hiyo meza yenu wanakaa watu wangapi?"

"Kwenye picha ni kumi na wanane, Bibi."

"Basi nitakata mirija ishirini. Wazungu wanaweza wakaivunja."