Tanzia ya Saa Saba

Saa sita u nusu mchana Mama Tanzia aliingia redioni na gauni lile lile alilolala nalo kwenye sakafu ya hospitali. Pindoni lilikuwa na damu ya mwanawe. Mlinzi alisimama, akavua kofia.

Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akiusomea mji huu tanzia zake. Redio yenyewe ilianzia kwenye banda la kuku, mwaka wa kipindupindu, watu walipochanga mabati na nyaya na kuubeba mlingoti mabegani kutoka stendi. Mwaka huo ndipo ilipowekwa kanuni: tanzia itaje jina, mtaa, na kilichomuua mtu. Familia nyingine zilinuna. Lakini watu waliposikia "kipindupindu, kisima cha sokoni," walikiacha kisima, na makaburi yakapungua. Tangu hapo walitaniana kwamba kama redio haijakutangaza, basi hujafa. Baadaye Mheshimiwa alileta mtambo mpya, na kibali kikatoka kwa jina lake. Wale waliochanga mabati walipiga makofi. Maskini, hawakujua wanaiaga mali yao.

Meneja, aliyefundishwa na Mama Tanzia kushika maikrofoni, alimpokea kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu haina, baba. Ya friji ya damu ndiyo inayo."

Meneja akampa karatasi iliyokwisha kuchapwa: *amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi.*

"Mwanangu hakuugua. Amejifungua, mtoto mzima, yuko kwa shangazi yake. Kisha akavuja damu mpaka akaisha, mimi nimemshika mkono. Ile friji imekufa miezi minane sasa."

"Mama, mwenyekiti wa bodi ya hospitali ni Mheshimiwa. Na redio ni yake. Sisi tule wapi?"

"Na kanuni ni ya nani?"

Meneja aliangalia saa ya ukutani. "Soma kilichoandikwa. Nakuomba, mama yangu."

Saa saba kamili taa nyekundu iliwaka. Alianza na tanzia mbili za watu wengine, maana foleni ni foleni hata kwa wafu: mwoka mikate, moyo; mzee wa mtaa wa reli, kifua kikuu. Kisha akataja jina la mwanawe, miaka ishirini na sita, mtaa wa kiwanda cha magodoro.

"Amekufa kwa kuvuja damu baada ya kujifungua. Hospitali haikuwa na damu. Ndugu zangu wenye wajawazito, nawaomba msinyamaze..."

Aliposema yote aliinua macho. Taa ilikuwa imezimwa. Nyuma ya kioo, fundi mitambo, aliyeubeba naye ule mlingoti, alikuwa ameinamisha kichwa. Kutoka spika ya ukumbini meneja alikuwa akiimalizia tanzia hewani kwa upole: "...baada ya kuugua kwa muda mfupi."

"Nisamehe, dada," fundi alisema mlangoni. "Nilikukata ulipotaja mtaa. Waliniambia nisipokata, nisirudi kesho."

Mama Tanzia alimpita, akatoka. Moyo ulimuuma kuliko alfajiri ile mwanawe alipokata roho.

Nyumbani watu walikuwa wamejaa mpaka barazani. Mke wa jirani, tumbo limetangulia mbele, alijikongoja akaja kumkumbatia.

"Pole, mama. Nilipoambiwa asubuhi niliogopa, nikadhani ni uzazi. Kumbe alikuwa anaumwa! Mimi wameniambia niende kujifungua Ijumaa, hospitali ile ile."

Mama Tanzia alimshika mabega. "Usiende, mwanangu. Hakuumwa. Alivuja damu, hospitali haina damu. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu!"

Mjamzito alimtazama kwa huruma, akamfuta machozi kwa kiganja. "Sawa, mama. Kaa kidogo, umechoka."

Kisha akamwinamia mwanamke aliyekaa karibu, akanong'ona, "Amechanganyikiwa, maskini. Ingekuwa hivyo, redio si ingesema?"