Mwani wa Gisèle

Mwaka ule Gisèle alipokuza mwani, dirisha la nyumba yao katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale lilijaa chupa za maji ya ziwani. Baadhi alizitia maji ya mavi ya mbuzi, nyingine akaziacha hivyo hivyo, aone wapi mwani utakua haraka. Mwalimu Goretti alikuwa ameichagua kazi yake kwa maonyesho ya sayansi ya mjini Mbarara.

Kipimo chake kilikuwa rahisi. Alichora msalaba mweusi kwenye karatasi, akaweka glasi juu yake, akamimina maji polepole huku akichungulia kutoka juu. Msalaba ulipopotea, alisimamisha rula kando ya glasi. Kadiri mwani ulivyozidi, ndivyo maji machache yalivyotosha kuuficha.

Mama yake, Eugénie, aliyeuza samaki wadogo wa ndagala katika soko la Base Camp, hapo kambini, hakupendezwa.

"Unalinda uchafu juu ya nini? Hizi chupa miye nazitakia mafuta."

Siku moja Gisèle alitoka shule akamkuta mama ameketi sakafuni, chupa moja mapajani, kifuniko kimefunguliwa. Akaikimbilia. Lakini chupa ilikuwa imejaa bado.

"Nilitaka kuimwaga," mama alisema, "nikasikia harufu." Akainusa tena. "Ni harufu ya Baraka, mji wetu ule wa ziwani. Kule kwetu, fasi ya kufulia nguo, mawe yalikuwa na hii kijani. Tulikuwa tunatelezaka na Clémence, tunaanguka mu maji na nguo za batu, tunacheka mpaka mama anatufokea."

"Clémence ni nani?"

"Mdogo wangu. Tulipoteana mu vita."

Gisèle alizaliwa kambini. Kuhusu kwao, mama alikuwa hasemi zaidi ya kwamba walikimbia. Akakaa chini kando yake, hata sare hakuibadilisha.

Tangu hapo mama ndiye aliyechungulia glasi. "Bado nauona... bado... Basi, umeenda!" alipiga kelele, na Gisèle akasoma rula.

Mbarara walikwenda wote wawili. Ukumbini, mama alisimama nyuma ya meza na kitenge chake cha kanisani. Jaji akanyanyua chupa iliyotiwa mavi mengi kupita zote.

"Kwa nini hii imeshindwa?"

"Maji yalikuwa meusi mno," Gisèle akajibu. "Mwani ulikosa mwanga."

Alipata nafasi ya pili. Mama alipiga vigelegele hadi watu wa meza za mbali wakageuka.

Baadaye walinunua chapati, wakakaa ukutani karibu na stendi wakingoja gari la kurudi. Mama alikula nusu, akaacha kutafuna.

"Clémence alikuwa na mwanya, sawa na wewe," alisema bila kuulizwa. "Alikuwa anapiga mluzi nao, wanaume wanageuka kutafuta ni nani."

Gisèle akapitisha ulimi kwenye mwanya wake, akasogea karibu.

"Halafu?"