Kweme Juu ya Mringaringa Uliokatwa

Salvina alishusha magunia matatu ya mahindi kutoka kwenye pikapu, akampa dereva maji ya kunywa, kisha akaingia kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba yake, kutafuta mtu wa kumsaidia kubeba. Alikuwa amekaa siku tisa Kahe akivuna shamba lake la porini. Katikati ya migomba, mahali uliposimama mringaringa uliopandwa na babu wa marehemu mume wake, jua lilikuwa linapiga hadi chini. Mti haukuwepo. Kisiki kilikuwa kimeng'olewa, shimo limefukiwa, na juu yake imepandwa migomba mitatu michanga. Mikweme yake miwili, iliyokuwa imetambaa juu ya mti huo, ilikuwa imelazwa pembeni, imezungushwa vizuri kama kamba ya kufungia ng'ombe, mizizi ikiwa bado ardhini.

Mikweme hiyo aliianza miaka sita nyuma. Alikuwa ameona kwamba kweme, mbegu za mafuta anazolishwa mwanamke aliyejifungua ili apate maziwa, zinazouzwa sokoni Kwa Sadala ni za zamani, zimechacha, na hakuna tena anayezipanda. Akazunguka vijiji vinne akiulizia mbegu. Alipanda tisa, zikaota tatu, mbuzi akala mmoja. Mkweme ukiwa mdogo haujulikani kama ni dume au jike mpaka utoe maua, kwa hiyo alisubiri. Mmoja ulitoa maua kwa vishada na haukuzaa. Majirani walimwambia aung'oe. Alikataa, kwa sababu wa pili ulitoa ua mojamoja, na nyuma ya kila ua palikuwa na kifundo cha kijani. Aliufunga mkweme dume kitambaa chekundu ili asije mtu kuukata, na yote miwili akaipandisha juu ya mringaringa, maana tunda moja la kweme linaweza kuvunja mti mwembamba.

Alikwenda kwa shemeji yake Godlove, ambaye kihamba chake kilipakana na cha Salvina na ambaye alikuwa na biashara ya mbao Boma Ng'ombe. Alimkuta anakunywa chai. Uani kulinuka unga wa mbao mbichi.

"Shemeji, mringaringa wangu uko wapi?"

"Mringaringa upi?"

"Wa kihambani kwangu. Hatua nne ndani ya masale ya mpaka."

"Pale hapajawahi kuwa na mti mkubwa," alisema Godlove. "Labda unachanganya na ule wangu uliokauka. Ule niliukata, na kibali ninacho. Karibu chai."

Mtendaji wa kijiji aliandika malalamiko yake na kumuuliza kisiki kiko wapi. Salvina alisema kimeng'olewa. Mtendaji akaweka kalamu chini. Bila kisiki, alisema, hayo ni maneno tu.

Siku ya nne mikweme ilianza kupanda. Ilijizungusha kwenye shina ambalo halikuwepo, ikafika mita tano kutoka chini, pale mringaringa ulipogawanyika panda, nayo ikagawanyika. Baada ya wiki sita ilikuwa imefika juu na kutandaa kwenye matawi yote. Upande wa mashariki, ambako tawi moja lilivunjwa na upepo zamani, mkweme uliishia palepale lilipovunjikia. Majirani walipita wakielekea ibadani, wakainua macho.

"Umeshika vizuri," alisema mmoja.

"Umeshika," Salvina akajibu.

Wakati huo Kindness, mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi Rau, alipiga simu kusema ana mimba. Mzazi hulishwa na mama mkwe wake, na Salvina hakukusudia kumlisha kweme zilizochacha. Kila wiki alipeleka samadi kwenye mashina, na kila wiki alipita ofisini kwa mtendaji kuuliza malalamiko yake yamefika wapi. Alipoambiwa arudi wiki ijayo, alirudi wiki ijayo. Mwezi wa saba afisa misitu alikuja mwenyewe. Aliitwa Bwana Gidioni, alivaa buti safi, na alibeba futi ya kupimia.

Siku hiyo kulikuwa na matunda kumi na moja yananing'inia juu, kila moja kubwa kuliko kichwa cha ndama. Salvina alikuwa amemwita Sirili, mzee wa miaka sitini na nane, ambaye zamani alitundika mizinga ya nyuki kwenye mti ule.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Gidioni. "Utapandaje?"

"Marahaba. Matawi nayajua."

Sirili alivua viatu, akafunga kamba kiunoni na kupanda. Alipapasa kwa mkono kabla ya kukanyaga. Alipofika panda alikaa kidogo, miguu ikining'inia hewani, akapumua, akaendelea. Aliteremsha matunda saba yaliyokomaa, moja baada ya jingine, na manne akayaacha. Bwana Gidioni alizungusha futi yake mahali mkweme ulipozunguka shina, akaandika: mita mbili na sentimita arobaini.

Salvina alidhani kazi imekwisha.

"Umejionea," alisema. "Mti ulikuwepo, na ulikuwa ndani ya mpaka wangu."

"Nimejionea, mama. Mti upo."

"Ulikuwepo. Mbao zake ziko Boma Ng'ombe."

"Siwezi kuandika kwamba mti umeibwa wakati mzee ametoka kuushuka sasa hivi." Alifunga daftari. "Na usije ukaukata bila kibali. Mringaringa wa umri huu unalindwa."

Kindness alijifungua mtoto wa kike mwezi wa tisa, akaletwa kihambani. Salvina alimmenyea kweme, akazitwanga na kumtilia kwenye mtori.

"Kula, mama," alisema. "Hizi ni mpya."

Maziwa yalitoka mengi. Haikupita muda binti wa Godlove naye akajifungua, na Godlove akaja mwenyewe na kisado mkononi.

"Shemeji, naomba kweme kidogo. Mti wako umezaa kweli mwaka huu."

Salvina alimtazama. Kisha akakijaza kisado, kwa sababu mtoto hakuwa amekata chochote, na akamwambia malalamiko yake ameyapeleka wilayani. Godlove alishukuru akaondoka. Wilayani walijibu kwamba kulingana na ripoti mti upo.

Kivuli ndicho hakikuwepo. Chini ya matawi yale kahawa ilianza kuwa ya njano, na kufikia Januari mistari miwili ilikuwa imekauka. Salvina alikwenda kwenye kitalu kilichoko Rau, akachagua miche ya mringaringa kwa kukagua jani mojamoja, akarudi nayo mitano, akaiweka kando ya ndoo ya mbegu za kweme alizokuwa amezitenga. Mringaringa huchukua miaka mingi kabla ya kuweza kubeba mkweme. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Aling'oa migomba mitatu ya Godlove, akaanza kuchimba palepale.

"Hapo pana mti," alisema Sirili, ambaye alikuwa amekuja kuangalia. "Itabanana."

Salvina aliinua macho, akaona ni kweli. Akachukua jembe, akasogea hatua tatu, akachimba.